Manowari Petard na Msiba wa Bahari ya Hindi

Alasiri ya Jumamosi, tarehe 12 Februari 1944, meli tano zilizojaa askari zilikuwa zikipita karibu na visiwa vya Maldivi. Zilitoka Kilindini, Mombasa, zikielekea Colombo, nazo zililindwa na manowari tatu za Kiingereza: Hawkins, iliyokuwa kubwa, na distroya mbili, Paladin na Petard.

Petard haikuwa ngeni vitani. Mwaka 1942, katika Bahari ya Mediterania, ilishiriki kuishinda nyambizi ya Kijerumani U-559. Mabaharia wake wawili, Fasson na Grazier, walizama pamoja na nyambizi hiyo baada ya kutoa humo vitabu vya siri vilivyowawezesha Waingereza kusoma simu za adui. Mwaka huo huo nyambizi ya Kitaliano nayo ikaangamia. Hata hivyo, kazi iliyo chungu kupita zote ilikuwa bado mbele.

Nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli Khedive Ismail kwa topido mbili. Ndani yake mlikuwa na watu zaidi ya 1,500, wakiwamo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki wapatao 1,000, na wauguzi wa kike. Wengi walikuwa chini wakitazama tamasha. Meli ikazama kwa muda wa dakika chache tu.

Walionusurika walielea wakishikilia mbao na mashua. Adui naye alijificha chini yao. Kumwacha kulikuwa kuziweka hatarini meli nne zilizobaki na maelfu ya abiria wake. Kumpiga kulikuwa kuwaua waliokuwa wakiomba kuokolewa. Petard ikapita katikati yao na kutupa mabomu ya kulipuka chini ya maji. Ni amri ambayo hakuna askari angependa kuitoa, wala kuitii.

Hatimaye I-27 iliibuka. Mizinga haikuweza kuizamisha. Paladin, ikijaribu kuigonga, ilipasuka ubavu. Petard ikafyatua topido moja baada ya nyingine, na ya saba ndiyo iliyoimaliza.

Waliookolewa walikuwa watu 214, miongoni mwao wanawake sita tu. Waliokufa walikuwa karibu 1,300. Petard ilivunjwa kuwa vyuma chakavu mwaka 1967. Askari wa Afrika Mashariki waliopotea katika Khedive Ismail hawana makaburi. Wanakumbukwa katika mnara uliomo kwenye makaburi ya vita ya Nairobi.