Kompyuta Kuukuu: Msiitupe, wala Msiikate Ulimi

Katika nyumba kadha wa kadha za Uvira, tangu Kavimvira mpaka Kalundu, iko kompyuta iliyolala kabatini au chini ya kitanda. Ilifika imekwisha kutumika nchi za mbali, ikapitia ziwani kutoka Kigoma au barabarani kutoka Bujumbura. Siku zile iliheshimiwa kama mgeni. Sasa yaamka polepole kama mzee, na programu yake kuu, Windows 7, iliachwa na watengenezaji wake tangu Januari 2020. Mama amekwisha kuifunika kitambaa.

Na watoto wa nyumba hiyo wako wapi? Wako katika chumba cha michezo ya video, wamebanana mbele ya televisheni, wakilipa fedha kwa kila mchezo. Pengine ndizo fedha mlizowapa za daftari. Sisi hatusemi kwamba kucheza ni kosa. Mtoto asiyecheza ni mgonjwa. Twauliza hili tu: kwa nini wasicheze nyumbani, machoni pa wazazi wao, kwa mashine ile iliyolala chini ya kitanda?

Jambo hili lawezekana. Lakini kabla ya kuwaonyesha njia, tuwasimulie habari ya kampuni moja kubwa iliyojaribu jambo hilohilo ikashindwa, kwa maana kosa lake ni fundisho kwetu.

Mwaka 1982 kampuni ya Commodore, ya Marekani, ilitoa kompyuta ya nyumbani iliyoitwa Commodore 64. Namba hiyo ni ukubwa wa kumbukumbu yake: kilobaiti 64 tu. Leo picha moja ya simu yashinda kiasi hicho mara nyingi. Hata hivyo ilinunuliwa kwa mamilioni. Watoto walicheza nayo, na wengi wao wakajifunza kuandika programu zao wenyewe kwa kibodi yake. Ilipofika mwaka 1990 ilikuwa imezeeka, na makampuni ya Japani, Nintendo na Sega, yalikuwa yakiuza kwa wingi mashine zilizofanywa kwa michezo tu. Basi Commodore wakaichukua kompyuta yao ileile, wakaiondolea kibodi, wakaivika kasha jipya, wakaiuza Ulaya kwa jina la C64GS.

Je, watu waliipenda? La. Kwa nini wanunue kitu kilichopunguzwa, na hali kompyuta nzima ilikuwa dukani, tena yacheza michezo ya kaseti iliyo rahisi sana? Hata ulikuwako mchezo mmoja uliomtaka mchezaji abonyeze kibodi ndipo uanze, na mashine yenyewe haikuwa na kibodi! Aliyeikata ulimi mashine yake asishangae ikiwa haisemi.

Sasa tazameni upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Helsinki katika nchi ya Ufini, babu mmoja alikuwa na kompyuta ndogo ya kampuni hiyohiyo ya Commodore, iitwayo VIC-20. Mjukuu wake, Linus Torvalds, aliitumia akajifunza kuandika programu. Mwaka 1991 kijana huyo alianzisha Linux, ambayo kila mtu aruhusiwa kuitumia na kuibadili bila malipo. Leo Linux imo ndani ya simu zote za Android, nayo ndiyo itakayofufua kompyuta yenu. Haya ni matunda ya kibodi ya babu.

Basi, fanyeni hivi.

Kwanza, isafisheni mashine. Chomoeni waya wa umeme, pangusa vumbi kwa brashi laini, hasa penye feni, kwa sababu vumbi huzuia hewa, na joto huiua mashine. Kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme ndani ya kompyuta ya mezani msikifungue kamwe. Nguvu iwezayo kumdhuru mtu hubaki humo hata waya ukichomolewa. Kama ni kompyuta ya kupakata na betri yake imevimba, mpeni fundi aitoe. Nyingi huendelea kufanya kazi kwa chaja peke yake. Kioo kikivunjika, iunganisheni na televisheni.

Pili, hifadhini mahali pengine picha na maandishi yenu. Kisha mwombeni fundi mwenye intaneti nzuri aweke ndani ya kompyuta Linux ya namna ya Debian, pamoja na GCompris. Hayo ni mazoezi zaidi ya 100 ya watoto wadogo, ya hesabu, herufi na mengineyo, yaliyoanzishwa na Mfaransa mmoja mwaka 2000, nayo yapatikana kwa Kifaransa, lugha ya shule zetu. Kwa wakubwa aweke Python, lugha ya kuandikia programu.

Tatu, nunueni fleshi ya gigabaiti 16, fundi aijaze Batocera. Hii nayo imejengwa juu ya Linux, lakini kwa ajili ya michezo. Yote haya hutolewa bure. Batocera yahitaji kompyuta ya biti 64, kama nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 2007. Msitazamie michezo mipya ya kutisha. Itacheza vizuri ile ya miaka ya 1980 na 1990. Lakini michezo ya zamani nayo ina wenyewe, wala haifai kuiba. Tafuteni iliyotolewa bure na watunzi wake, kama SuperTux.

Nne, fundi aipange mashine itazame fleshi kwanza kila inapowashwa. Fleshi ikiwamo, yaamka kama mashine ya michezo. Isipokuwamo, yaamka kama kompyuta ya masomo. Mwaona faida yake? Fleshi hukaa mfukoni mwa baba au katika pindo la kitenge cha mama. Kazi ya shule ikimalizika, fleshi hutoka. Saa ya kulala ikifika, hurudi mahali pake.

Neno moja juu ya umeme. Wetu watoka katika mabwawa ya mto Ruzizi, nao hukatika bila kupiga hodi. Ukikatika, chomoeni waya upesi, maana ukirudi kwa nguvu nyingi waweza kuunguza mashine. Wenye sola watumie kompyuta ya kupakata, kwa kuwa yala umeme kidogo kuliko ile ya mezani.

Nanyi akina baba, msidhani kazi yenu imekwisha kwa kuleta fundi. Ketini na watoto, mshindwe nao, mcheke nao. Chumba cha michezo kitawapa mchezo, lakini hakiwezi kuwapa baba.

Na kibodi msiifiche kamwe. Siku moja mmoja wao atachoka kushinda, ageuke aulize: "Baba, mchezo huu aliutunga nani, naye aliutungaje?" Siku hiyo kibodi iwe pale mezani.