Kiwanja cha Watoto Ni Kazi ya Mtaa Mzima

Ndugu msomaji, pita mitaa ya Ifakara saa kumi na moja jioni, jua linapoinamia milima ya Udzungwa, nawe utawaona. Wavulana wameweka mawe mawili kandokando ya barabara yawe magoli, na mpira wao wa matambara unaikata njia ya pikipiki kila mara. Wasichana wanacheza rede katika kichochoro chembamba. Wengine wameteremka hadi mto Lumemo, ambao wakati wa kiangazi ni mpole, lakini masika yanapofika hufurika na kuingia hata majumbani mwa watu.

Tusiwalaumu watoto hawa. Mtoto hucheza pale alipo. Asipotengewa mahali pa kuchezea, hujitafutia mwenyewe, na mahali ajitafutiapo huwa barabarani, relini au mtoni. Swali si kama watoto wetu watacheza. Swali ni wapi watacheza, na nani atakuwa karibu nao.

Katika bonde la Kilombero swali hili lina uzito wa pekee. Msimu wa mpunga unapofika, wazazi wengi huhamia mashambani na kukaa katika madungu kwa miezi kadhaa, wakilinda mazao yao dhidi ya ndege na nguruwe. Watoto wanaosoma hubaki mjini mikononi mwa bibi au dada mkubwa. Mlezi huyo ana maji ya kuchota na chakula cha kupika. Hawezi kumfuata kila mtoto kila aendako. Kiwanja kimoja chenye uzio, kivuli na mtu mzima wa zamu kingemwondolea nusu ya hofu yake.

Kucheza si anasa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unamtambulia mtoto haki ya kupumzika na kucheza katika ibara yake ya 31. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inataja mapumziko pamoja na uhai, afya, elimu na malazi miongoni mwa haki ambazo mtoto anastahili kuzipata kutoka kwa wazazi wake.

FEDHA ZITATOKA WAPI?

Hilo ndilo swali la kwanza la kila baraza. Hebu tukumbuke yaliyokwisha kutendwa. Mwaka 1974, kikao cha chama huko Musoma kiliazimia kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo Novemba 1977. Hazina haikuwa na fedha za kujenga madarasa yote yaliyohitajika. Wananchi wakafyatua matofali, wakakata miti, wakaezeka. Mengi ya madarasa hayo yalikuwa duni, lakini watoto walipata mahali pa kukaa.

Hata huko Ulaya, viwanja vya watoto havikuanzia kwenye utajiri kila mara. Mwaka 1943, Denmark ikiwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani, kilifunguliwa kiwanja cha watoto katika kitongoji cha Emdrup, mjini Copenhagen. Msanifu wa bustani C. Th. Sørensen alikuwa ameona kwamba watoto huvutwa zaidi na mahali penye mabaki ya ujenzi kuliko bustani zilizopambwa. Basi wakapewa mbao, matofali na zana, wakajenga wenyewe huku mtu mzima akiwaangalia. Baada ya vita wazo hilo likavuka hadi London, ambako viwanja vilivyobaki vitupu kwa mabomu viligeuzwa kuwa mahali pa kuchezea.

Ifakara haina upungufu wa vitu vya namna hiyo. Mchanga upo. Nguzo za msaji, ambao wengine huuita mtiki, hupatikana bondeni. Matairi makuukuu yamelundikana kwenye gereji. Mafundi seremala na wachomeaji wa vyuma ni majirani zetu.

ARDHI KWANZA, JEMBE BAADAYE

Hata hivyo, usianze na jembe. Anza na ardhi. Chagueni mahali palipoinuka, pasipofikiwa na maji ya Lumemo, mbali na hifadhi ya barabara na ya reli, na karibu na makazi kiasi kwamba mtoto wa miaka sita anaweza kufika bila kuvuka njia kuu. Kisha suala hilo lifikishwe katika mkutano mkuu wa mtaa, liandikwe katika muhtasari, na maombi yapelekwe Halmashauri ya Mji ili kiwanja kionyeshwe katika ramani ya mipango miji kuwa eneo la wazi la watoto.

Wako watakaosema huku ni kujichosha bure. La hasha. Kiwanja kisicho na karatasi ni mali ya yule atakayewahi kukiandikisha. Miji yetu mingi imepoteza maeneo yake ya wazi kwa njia hiyo: siku moja mawe ya mipaka yameota, mwezi unaofuata msingi wa duka umechimbwa, na bembea za watoto zimegeuka kuni.

KAZI YENYEWE

Wakati mzuri wa kazi ni kati ya Julai na Septemba, mpunga ukiwa umekwisha kuvunwa na ardhi ikiwa kavu. Msiwaite watu wakati wa kupanda au wa kuvuna. Atakayekosa kuja hatakuwa mvivu. Atakuwa shambani akiitafutia familia yake riziki.

Nguzo za bembea zichimbiwe kina cha kutosha, zishikwe kwa zege. Chini ya bembea na mahali pa kukwea pamwagwe mchanga laini wa kina kisichopungua sentimita 30, maana mtoto lazima ataanguka, na kazi yetu ni kuhakikisha anaanguka pazuri. Matairi yenye nyaya zilizochomoza yasitumike.

Liko jambo jingine ambalo mji huu una sababu ya kulijua kuliko miji mingine, kwa kuwa utafiti wa magonjwa yaenezwayo na wadudu umefanyika hapa tangu miaka ya 1950. Tairi linalotuama maji ni kitalu cha mbu aenezaye homa ya dengi, na shimo la kuchimbia udongo likijaa mvua huweza kuwa kitalu cha mbu wa malaria. Kila tairi litobolewe matundu upande wa chini, na kila shimo lifukiwe kabla ya vuli. Itakuwa aibu kumwokoa mtoto na pikipiki na kumkabidhi kwa mbu.

Kadhalika, waulizeni watoto wenyewe. Wasichana wapate sehemu yao ya rede na ya kuruka kamba, wasije wakasukumwa pembeni na wacheza mpira. Wadogo watengewe kona yao. Njia ya kuingilia iwe tambarare, ili mtoto asiyeweza kutembea naye asukumwe hadi kivulini pa mwembe alipo mwenzake.

KUJITOLEA SI KULAZIMISHWA

Ndugu msomaji, tuseme kweli. Neno "kujitolea" limechoka masikioni mwa wengi. Wapo wanaokumbuka michango waliyotoa bila kuona hesabu yake, na siku za kazi ambazo wakubwa walifika kupigwa picha na kuondoka. Moyo wa watu haukufa. Ulivunjwa. Dawa yake si hotuba. Dawa ni daftari. Kila shilingi na kila mfuko wa saruji uandikwe, na hesabu ibandikwe ukutani hadharani. Asiye na fedha alete toroli. Asiye na nguvu apike uji wa wafanyakazi, na kazi yake ihesabiwe sawa na ya mchimbaji.

Tena, siku ya kwanza si kipimo. Siku hiyo watu hufurika, na ngoma hupigwa. Kipimo ni Jumamosi ya ishirini, kamba ya bembea inapokuwa imelika, mchanga umetawanyika, na anahitajika mtu mmoja mwenye spana na koleo. Kwa hiyo kamati isivunjwe siku ya ufunguzi. Ipange zamu za nyumba kwa nyumba: wiki hii wakague hawa, wiki ijayo wale.

Wewe mfanyakazi wa kiwanda cha sukari, wa reli, wa hospitali, mwalimu, au mzaliwa wa bondeni unayeishi Dar es Salaam, una ujuzi ambao mtaa wako unauhitaji. Mkutano ujao wa mtaa utakapoitishwa, nenda, unyanyue mkono, na uulize swali moja tu: "Kiwanja cha watoto wetu kiko wapi katika ramani?" Jibu likiwa hakipo, kazi yenu itakuwa imekwisha kuanza.