Utangulizi: Dawa ya Maumivu na Mlango wa Ngozi

Anayeumwa goti akinunua jeli ya diklofenaki, husoma jina la dawa na asilimia yake, akaishia hapo. Chini yake kuna majina madogo asiyoyajali: propilini glikoli, alkoholi, mentholi. Somo hili ni la majina hayo madogo. Ndiyo yanayoamua ni kiasi gani cha dawa kitavuka ngozi, nami namkaribisha kwa moyo wote kila mwanafunzi aliye tayari kuyachunguza.

Tunahangaika na ngozi kwa sababu ya tumbo. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini na jamaa zake huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Kemikali hizo huchochea uvimbe na maumivu, lakini pia hulinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Ndiyo maana vidonge vikimezwa kwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo. Jeli ya asilimia 1 ikipakwa goti moja, dawa inayofika kwenye damu ni takriban asilimia 6 tu ya ile iletwayo na vidonge. Tumbo linapumua, swali ni kama goti nalo limepata haki yake.

Kizuizi chenyewe ni tabaka la juu kabisa la ngozi, lenye unene wa maikromita 10 hadi 20 sehemu nyingi za mwili. Ni ukuta wa matofali: matofali ni seli bapa zilizokufa, na udongo unaoyashika ni seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta zilizojipanga kwa utaratibu mkubwa. Dawa hupita hasa katika udongo huo. Molekuli zinazozidi daltoni 500 hukwama, lakini ibuprofeni ina 206 na diklofenaki 296, kwa hiyo ukubwa si tatizo. Tatizo ni kwamba dawa hiyohiyo inatakiwa ikubaliane na mafuta hapo juu, kisha ikubaliane na maji ya tabaka hai lililo chini.

Hapo ndipo vinapoingia vipenyezi, yaani viambato vinavyoisaidia dawa kuvuka ngozi. Asidi ya oleiki, iliyojaa katika mafuta ya zeituni, ina mnyororo uliopinda. Ikijichomeka kati ya mafuta ya ngozi, huvuruga mpangilio wake. Propilini glikoli huingia ngozini na kuifanya dawa iyeyuke humo kwa urahisi. Zikiwekwa pamoja, mara nyingi hufanya zaidi ya kila moja peke yake. Dimethili sulfoksidi ina historia ndefu: Stanley Jacob aliitangaza huko Oregon miaka ya 1960, majaribio yakasimamishwa Marekani mwaka 1965 baada ya lenzi za macho ya wanyama kubadilika, na mwaka 2009 dawa ya maji ya diklofenaki yenye asilimia 45.5 ya kemikali hiyo ikaidhinishwa nchini humo kwa maumivu ya goti. Yujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu ya Unguja na Pemba, nayo imechunguzwa kwa kazi hii.

Jambo ninalotaka lishikwe mapema ni hili: kipenyezi kinachoyeyusha dawa vizuri mno ndani ya jeli huweza kuizuia isitoke. Dawa huhama kwa nguvu pale jeli inapokaribia kushindwa kuibeba. Wengi huongeza kiyeyushi, kisha wakashangaa kuona upenyaji umeshuka.

Nawasihi pia msome matokeo ya maabara kwa makini. Ngozi ya panya hupitisha vitu zaidi kuliko ya binadamu. Ya sikio la nguruwe inatukaribia zaidi. Tena, ubaridi wa mentholi si ushahidi kwamba dawa imefika kwenye kiungo. Na mara nyingi kipenyezi chenye nguvu ndicho kinachowasha. Mgonjwa atajipaka mara kadhaa kwa siku, kwa wiki nyingi, kwa hiyo kila jedwali la upenyaji lisomwe sambamba na jedwali la mwasho.