Je, Wajua? Watazamaji Wawili, Mtoto Mmoja

Je, wajua kwamba katika kupima usonji, yaani hali ya ukuaji inayoathiri mawasiliano na mahusiano ya mtoto na wenzake, watazamaji wawili wanaweza kukubaliana mara 90 kati ya 100 na bado makubaliano yao yakawa ya wastani tu? Ikiwa kila mmoja anaandika kwamba tabia fulani, tuseme kupungapunga mikono, haikuonekana katika vipindi 90 kati ya 100, bahati peke yake ingewapatanisha katika vipindi 82. Ndiyo maana mwanasaikolojia Jacob Cohen wa Marekani alibuni mwaka 1960 kipimo kiitwacho kapa, ambacho huondoa kwanza sehemu ya bahati, na ambacho kwa mfano huu hutoa 0.44, ilhali makubaliano kamili ni 1.

Jijini Johannesburg, ambako mtoto anaweza kusikia Kizulu nyumbani, Kisotho kwa jirani na Kiingereza shuleni, tatizo haliishii kwenye hesabu. Mtoto wa Kizulu anayeinamisha macho mbele ya mkubwa huenda anaonyesha heshima aliyofunzwa, lakini mtazamaji asiyeijua mila hiyo aweza kumwandikia dosari ya kutotazamana na watu. Tena, jambo ambalo husahaulika mno, watazamaji wawili waliofunzwa mwongozo uleule wanaweza kukosea kwa pamoja, na kapa yao ikapanda vilevile. Kinyume chake, mzazi na mwalimu wakitofautiana, huenda wote wawili wanasema kweli, kwa kuwa mtoto wa sebuleni si lazima awe yuleyule wa darasani.