DRBD: Programu Inayoandika Mara Mbili

Je, wajua kwamba mashine pepe nzima, pamoja na mfumo wake endeshi na hesabu zote zilizomo, yaweza kuwa faili moja tu kwenye diski ya seva? Diski hiyo ikifa, kila mashine iliyokaa humo inakwenda nayo. Ndiyo maana mafundi huweka seva ya pili, ipokee kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza.

DRBD, programu mashuhuri ya kazi hiyo, ilianzia Vienna, Austria, kwenye tasnifu ya Philipp Reisner, na mwaka 2010 ikaingizwa katika kiini cha Linux. Hukaa kati ya mashine na diski. Kila kinachoandikwa hukiandika hapo hapo na kukituma kwa seva mwenzake.

Kazi ngumu ni kuamua lini mashine iambiwe kwamba data imeshahifadhiwa. Katika utaratibu C wa DRBD, haiambiwi mpaka diski zote mbili ziwe zimeandika. Hapo umbali una gharama. Mwanga ndani ya faiba husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Seva zikiachana kilomita 500, kwenda na kurudi ni milisekunde 5, na hifadhidata inayosubiri kila jibu kabla ya kuendelea haiwezi kuandika zaidi ya mara 200 kwa sekunde. Utaratibu A hausubiri, lakini umeme ukikatika ghafla, data iliyokuwa bado kwenye foleni hupotea.

Proxmox, programu ya kuendesha mashine pepe, nayo ya Vienna, ina njia nyepesi zaidi: baada ya kutuma diski nzima mara ya kwanza, kwa kawaida kila dakika 15 hutuma mabadiliko tu. Kwa ofisi ndogo naona yatosha kabisa, ilimradi mwenye data akubali mapema kwamba kazi ya robo saa yaweza kupotea.

Ninachowasihi mafundi ni hiki: seva pacha si nakala rudufu. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, pacha naye anaifuta papo hapo. Nakala rudufu zikae kwingine, mbali. Machi 10, 2021, jengo la SBG2 la kampuni ya OVH liliteketea huko Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliopoteza data pamoja na nakala zake, kwa kuwa vyote vilihifadhiwa eneo moja.