BARUA ZILIZOMO MASANDUKUNI

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu nayo ni mali, na sehemu kubwa ya daftari lake ni barua. Leo hatusemi juu ya barua za serikali, zenye majalada na watunzaji wake. Tunasema juu ya zile walizoandikiana wasomi, walimu na waandishi, ambazo aghalabu hazina mlinzi ila yule aliyezipokea.

Mwambao wa Ziwa Nyasa, tangu Lituhi karibu na mdomo wa Mto Ruhuhu hadi Liuli na Mbamba Bay, unatupa ushahidi wa kutosha. Mwaka 1876 waliwasili Unguja vijana wawili waliotoka chuo kikuu cha Oxford, Chauncy Maples na William Percival Johnson, watumishi wa misheni ya UMCA. Maples alichunguza lugha ya Kimakua na kuandika kitabu juu yake. Johnson aliifasiri Biblia kwa Kinyanja, akatembea pwani za ziwa hili kwa miaka mingi, hata alipofariki Liuli mwaka 1928 na kuzikwa huko huko.

Mwezi Septemba 1895, Maples akiwa njiani kurudi Likoma baada ya kuwekwa kuwa askofu, chombo chake kilipigwa na dhoruba, naye akafa maji. Barua zake hazikuzama pamoja naye. Zilikwisha kufika kwao Uingereza, na waliozipokea walikuwa wamezitunza. Mwaka 1897 dada yake alizichagua baadhi akazitoa katika kitabu. Nyaraka za misheni yao zimehifadhiwa hata leo katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford.

Hatusemi haya ili kuwatukuza wageni. Tunataka kuuliza swali moja: barua walizopokea walimu wa mwambao huu na wa visiwa vya Likoma na Chizumulu, na nakala za majibu yao, ziko wapi? Mwenye kusoma nyaraka za Oxford husikia zaidi kauli ya mgeni juu ya mwenyeji. Kauli ya mwenyeji mwenyewe, kwa mkono wake, ndiyo tunayoihitaji, na mahali pa kuitafuta ni majumbani mwetu.

Asidhani mtu kwamba jambo hili limetushinda. Marehemu Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, ambaye naye alikuwa mwandishi, tangu mwaka 1931 hadi 1958. Ndugu huyo hakuzitupa barua hizo. Zilihaririwa na Profesa M. M. Mulokozi, zikachapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002. Ndani yake twamwona mshairi wetu mkuu katika shughuli za kazi, za ukoo na za vitabu vyake. Laiti sanduku lile lingeliwa na mchwa, hazina hiyo yote ingalikuwa udongo, na pengine hata tusingalijua kwamba tumepotewa na kitu.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa pande mbili. Wananchi wa Lituhi na vijiji jirani, pamoja na wenzetu wa visiwani, mzee anapofariki msiharakishe kuchoma karatasi zake wala kuzifungia dagaa. Ziwekeni mahali pakavu, mbali na moshi na mchwa, na muulize kwanza zina nini.

Kwa upande wa serikali, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 ipo, na idara yenye kazi hiyo ipo. Lakini mwalimu mstaafu wa Lituhi hawezi kutarajiwa kusafiri hadi makao makuu na sanduku kichwani. Halmashauri ya Wilaya ya Nyasa, iliyogawanywa kutoka Mbinga mwaka 2012, haina budi kumtuma afisa wake wa utamaduni kuzungukia vijiji, kuziorodhesha barua hizo na kuzipiga picha, kisha kuwarudishia wenyewe zilizo zao. Kazi hiyo haihitaji jengo jipya. Yahitaji mtu, daftari na nia.

Wazee wanaoweza kutueleza nani alimwandikia nani, na kwa sababu gani, wanapungua kila mwaka. Tuwaendee wangali hai.