Mfarishi wa Viraka: Malengo ya Mshonaji kwa Mwaka Mpya

Mwezi wa Muharram, ambao wazee wetu wa Pwani huuita Mfunguo Nne, umetufungulia mwaka mwingine wa Hijria. Hatukuamrishwa kuufanyia sherehe, walakini kuihasibu nafsi ni ada ya waja wema, na ni vyema mja ajiulize mwaka uliopita ameutumia kwa lipi na huu ulioingia anautakia nini. Swali hilo halihusu swala na funga peke yake. Kazi ya mikono nayo ina haki ya kuulizwa. Juma hili tumeazimia kuzungumza na mama zetu, dada zetu na mabinti zetu juu ya kazi ambayo mali yake imo ndani ya masanduku yao: kushona mfarishi wa viraka kwa leso na nguo zilizochakaa.

Pasiwe na mwenye kuidharau kazi hii. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na pazia lenye picha, na Mtume (S.A.W.) alipolichukia, Bibi Aisha hakulitupa, alilikata akalifanya mito ya kuegemea. Na Bibi Aisha huyohuyo ndiye aliyeeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alipokuwa nyumbani alishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake. Bibi Zainab bint Jahsh (R.A.) naye alikuwa akidabighi ngozi na kuzishona, na pato lake akalitoa sadaka. Basi kukata kilichochakaa kikawa kitu chenye manufaa si alama ya ufukara. Ni kujiepusha na israfu.

Wala si kazi iliyo mbali na asili yetu. Nchini India, katika wilaya ya Uttara Kannada, jimbo la Karnataka, wapo Masidi, watu wenye asili ya Afrika ambao wazee wao walichukuliwa kuvuka bahari, wengi wao kutoka upande huu wetu wa mashariki. Wamo Waislamu, Wakristo na Wahindu. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo kuukuu. Mshonaji huanzia pembeni, akazunguka ukingo akibandika kiraka baada ya kiraka, hata akafika katikati. Na kila pembe huimaliza kwa ua dogo la kitambaa kilichokunjwa, kwani bila maua hayo wao huuona mfarishi kuwa uko uchi. Mwaka 2011 kazi zao zilionyeshwa katika Kituo cha Schomburg, mjini New York. Nguo zilizokuwa za kutupwa zilitazamwa na watu wa mbali kwa heshima.

Kabla ya mkasi

Liko jambo moja ambalo hatuna budi kulitanguliza, kwa kuwa wengi huliona dogo. Aghalabu leso ambazo binti hutamani kuzihifadhi katika mfarishi ni za mama yake au bibi yake aliyefariki. Nia ni njema. Lakini mtu akifariki, kila alichokimiliki huingia katika tirka, leso zake na ushungi wake vikiwamo. Hutolewa gharama za maziko, yakalipwa madeni, ukatekelezwa wasia usiozidi theluthi, kisha kilichobaki ni cha warithi wote. Dada mkubwa aliyebaki na funguo za kabati hakupewa funguo za mirathi.

Kwa hivyo aombe idhini ya warithi wenzake kabla hajakata. Na ikiwa miongoni mwao yumo mtoto ambaye hajabaleghe, mtoto huyo hawezi kusamehe fungu lake, wala mlezi wake hana ruhusa ya kulisamehe kwa niaba yake. Njia ni nyepesi: nguo zikadiriwe bei, na atakayezichukua zihesabiwe ndani ya fungu lake, au alipe thamani ya wenzake. Wakiridhiana, zinaweza kushonwa mifarishi midogo kadhaa ili kila ndugu apate kipande cha kumbukumbu. Mfarishi ulioshonwa kwa ridhaa huwaunganisha ndugu, na ulioshonwa kwa kupora huwa chanzo cha maneno yasiyokwisha.

Kadhalika, leso zetu hubeba maandishi. Jina la leso likiwa na jina la Mwenyezi Mungu, sehemu hiyo ikatwe na ihifadhiwe mahali pa heshima. Isitiwe katika kitu cha kulaliwa na kukanyagwa.

Lengo la kwanza: kupima

Mwenyezi Mungu alimlainishia Nabii Daud (A.S.) chuma, akamwelekeza kuzikadiria vyema pete za deraya anazozitengeneza, kama tunavyosoma katika Surat Saba. Ikiwa Nabii aliagizwa kupima, mshonaji wa viraka atakata vipi kwa kukisia?

Leso zifuliwe na kukaushwa kwanza, kwani pamba hurudi na rangi nyengine huchuja. Ziinuliwe mbele ya mwanga wa dirisha. Palipokonda pakatwe pakatupwe, maana kiraka kilichooza hakishiki uzi. Kisha kikatwe kigezo cha karatasi ngumu cha inchi 6½ kwa inchi 6½, na kila kiraka kifuatishwe kigezo hicho, si kiraka kilichotangulia, maana kosa la kiraka cha kwanza hurithiwa na cha mwisho.

Mshono uingie ndani robo inchi kila upande, ili kiraka kibaki inchi 6 kamili. Viraka 7 kwa upana na 9 kwa urefu, yaani 63, vitatoa mfarishi wa mtoto wa inchi 42 kwa 54. Mshono ukizidi nusu ya robo inchi tu kila upande, kila kiraka hupungua robo inchi, na safu ya viraka 7 hupungua inchi moja na robo tatu. Hapo safu moja haikutani na nyengine, na mshonaji huanza kuvuta kitambaa kwa nguvu ili pembe zilingane. Basi lengo la miezi miwili ya mwanzo liwe hili peke yake: robo inchi isiyobadilika.

Lengo la pili: tabaka tatu kuwa kitu kimoja

Mfarishi una tabaka tatu: viraka juu, kijazio katikati, na kitambaa cha chini. Kwa joto letu kijazio kizito hakifai. Shuka kuukuu au blanketi jembamba latosha hata kwa majira ya kusi. Sufi tuiachie mito. Katika mfarishi hujikusanya upande mmoja ikiwa mishono iko mbalimbali.

Kitambaa cha chini kitandazwe sakafuni, uso wake ukiangalia chini, kinyooshwe bila kuvutwa. Juu yake kijazio, kisha viraka. Tabaka zote zipigwe bandi kwa mishono mirefu, kuanzia katikati kwenda pembeni, mistari ikiachana kwa shubiri moja. Kuanzia katikati hufukuza mikunjo itokee ukingoni. Masidi huanzia ukingoni na wakasalimika kwa kuwa wao hubandika kiraka na kukishona papo hapo. Sisi tuliokwisha unganisha viraka tukifuata njia hiyo tutaukusanya upepo wote katikati.

Ndipo ije sindano fupi na uzi imara, na subana katika kidole cha kati. Sindano iingie na kutoka mbele kwa mbele, ikizipita tabaka zote. Anayeanza asihangaikie mishono midogo, bali ahangaikie mishono iliyolingana. Mishono mitano iliyolingana katika inchi moja ni bora kuliko minane inayopishana, na udogo utakuja wenyewe kadiri mkono unavyozoea. Wale ambao mama zao waliwafunza kushona kofia za mkono watakuta vidole vyao vimekwisha kujua nusu ya kazi.

Lengo la tatu: upindo

Mfarishi huchakaa kuanzia ukingoni, na hapo ndipo wengi huharakisha kwa kuwa wamechoka. Mfarishi wetu wa inchi 42 kwa 54 una mzunguko wa inchi 192. Vibanzi vinne vya upana wa inchi 2½ vilivyokatwa kwa urefu wa leso vitatosha, pamoja na ziada ya maungio na pembe. Viungwe, vikunjwe mara mbili kwa urefu, vishonwe upande wa juu, kisha vigeuzwe chini na kumaliziwa kwa mkono. Binti anayetaka lengo dogo ajizoeze pembe nne katika kitambaa kibovu kabla hajaugusa mfarishi wenyewe.

Lengo la nne: kumaliza

Katika Surat An-Nahl tumekatazwa tusiwe mfano wa mwanamke aliyeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa madhubuti. Aya hiyo yahusu viapo na ahadi, na mfano wake unamfikia kila mwenye kuanza na kuacha. Tumeingia majumba mengi, na ni nadra kukosa mfuko chini ya kitanda wenye kazi iliyoanzwa ikasahauliwa.

Twapendekeza hesabu ya miezi. Mfunguo Nne na Tano, kukusanya, kufua, kukata na kuunganisha. Mfunguo Sita, kwa kuwa ni mwezi wa shughuli za Maulidi, iwe ni kupiga bandi tu. Mfunguo Saba hadi Tisa, kushona tabaka. Rajabu ni upindo, na Shaaban ni kufua na kupiga pasi, ili Ramadhani imkute mama mikono yake iko huru kwa ibada, na Idi imkute ana cha kutoa zawadi au sadaka. Nusu saa baada ya Alasiri, siku nne kwa juma, yatosha. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa chache. Na usianzwe mfarishi wa pili kabla upindo wa kwanza haujafungwa.

Lengo la tano: kujua thamani

Walisema wahenga, mali bila daftari hupotea bila habari. Mama anayekusudia kuuza aandike kila shilingi na kila saa. Tuseme uzi, kijazio na kitambaa cha chini vimemgharimu shilingi 900, na kazi imechukua saa 40. Akiuza kwa shilingi 1,500 kwa sababu mnunuzi amemlalamikia kwamba ni matambara tu, basi amelipwa shilingi 15 kwa saa. Asiyejua hesabu hiyo hutoka akishukuru. Mnunuzi naye amche Mungu: kupatana bei ni halali, lakini kumbana mjane kwa kuwa anaijua njaa ya nyumba yake si ushujaa wa biashara. Na anayeagiza kazi alipe ujira kwa wakati, kama Mtume (S.A.W.) alivyohimiza mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka.

Na kwa waume tuna neno. Pato la mke ni milki yake. Akikusaidia kwa hiari ni ihsani na ana thawabu zake, ila nafaka ya nyumba, mavazi na makazi vimo shingoni mwako kama vilivyokuwa kabla hajapata wateja. Mume anayepunguza matumizi kila mkewe anapouza mfarishi hajapata unafuu, amejitwisha deni.

Binti asiye na leso kuukuu na aanze na mabaki ya fundi wa jirani, ambayo aghalabu hutupwa. Asiye na cherehani asisubiri cherehani. Sindano, uzi, mkasi na kigezo cha karatasi vyatosha kuanza jioni hii baada ya Alasiri.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aibariki mikono ya mama zetu, aifanye riziki yao kuwa ya halali yenye wasaa, na awarehemu waliotutangulia ambao leso zao tungali nazo. Amin.